Natembea Tu: Mtu Asiye na Safari Katika Jioni ya Nairobi

Nairobi ni mji wa watu wanaotembea. Kabla jua halijachomoza, umati kutoka Kibera na Mukuru uko njiani kwenda Industrial Area, na mwingine unafuata Jogoo Road na Landhies Road kuingia mjini. Jioni umati huohuo unarudi ulikotoka. Chunguzi za usafiri wa jiji zimeonyesha kwa miaka kwamba zaidi ya theluthi moja ya safari za kila siku hapa hufanywa kwa miguu, na kwa walio wengi hilo si suala la kupenda. Nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa nyumba nzima.

Lakini katika mji huu wa miguu, mtu anayetembea bila kuelekea popote ni kitendawili. Pita steji ya matatu ya Railways mwendo wa saa kumi na mbili jioni, polepole, uone. Makanga atakukatia njia: "Siz, Rongai? Wawili tunatoka!" Ukimwambia hapana, atakutafutia safari nyingine: "Ni Ngong? Ni Kiserian? Sasa unaenda wapi?" Ukimjibu "Natembea tu," atakutazama mara ya pili, safari hii usoni, ndipo akupishe. Hana ubaya wowote. Kazi yake imemzoeza kuamini kwamba kila aliye barabarani saa hiyo ana kwake anakokimbilia. Mlinzi aliye mlangoni pa benki huuliza swali hilohilo kwa macho, askari wa kaunti huliuliza kwa ukali, na ndugu yako huliuliza kwa simu: "Bado uko tao? Unafanya nini huko?"

Kwa nini jambo dogo hivi lina maulizo mengi hivi? Nimelifikiria sana, kwa sababu mimi ni mwanamke ninayependa kutembea jioni peke yangu na sina nia ya kuacha. Jibu haliko mahali pamoja. Sehemu yake iko angani, sehemu iko katika vitabu vya sheria, nyingine iko chini ya nyayo zenyewe, pale kinjia kinapokatika ghafla na kukusukuma barabarani.

Tuanze na anga, kwa kuwa hilo halina wa kulaumiwa. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na robo tu, kwa hiyo jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Mapema Novemba huzama saa kumi na mbili na robo hivi. Februari huchelewa hadi karibu saa moja kasorobo. Tofauti yote ya mwaka ni nusu saa. Tena jua la hapa huzama wima, halijivuti kando ya upeo wa macho, na mwanga linaouacha nyuma hudumu dakika 20 na kidogo. Mtu wa London akitoka kazini saa kumi na moja mwezi Juni bado ana zaidi ya saa nne za mwanga. Wa Nairobi ana saa moja na kitu, mwezi wowote ule. Ndiyo maana amri ya "urudi kabla ya giza" tuliyolelewa nayo haikuhitaji saa ya ukutani wala kalenda. Matembezi marefu ya jioni hapa ni matembezi ya usiku yanayoanzia mwangani, na anayeyafikiria lazima akubali hilo tangu mwanzo.

Joto si kizuizi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya Julai inataka sweta na pengine koti juu yake. Lakini linganisha na Pwani, ambako jua ndilo lililojenga desturi. Mombasa, likishapoa, watu hutoka kupunga upepo Mama Ngina. Unguja hukusanyika Forodhani. Lamu hutembea kandokando ya bahari baada ya alasiri, wazee kwa vijana. Huko mtu anayekwenda taratibu hupewa salamu. Haulizwi safari, kwa sababu kutoka nje kupunga upepo ni shughuli inayojulikana, ina saa yake, ina nguo zake, ina mabaraza ya kupitia.

Nairobi haikuzaliwa hivyo. Ilianza 1899 kama depo ya reli, mahali tambarare pa kuweka mabehewa, karakana na vyuma kabla njia haijaanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Kila aliyeletwa hapa aliletwa kwa kazi. Maofisa wa reli walijenga makazi yao juu mlimani, mahali tunapopaita Upper Hill hadi leo. Wahindi wakapangiwa upande wa soko, kisha Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye bonde na udongo mweusi unaonasa kiatu mvua ikinyesha. Mji ulichorwa ili watu wafike kazini na waondoke. Hakuna aliyechora mahali ambapo Mwafrika angetembea jioni kwa raha yake, na hili halikuwa jambo la kusahaulika kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na hapa naomba tukae kidogo.

Uingereza ilitunga sheria yake ya uzururaji mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachishwa kazi na maskini waliokosa ardhi walipokuwa wamejaa barabarani. Sheria hiyo ilimfanya mtu kuwa na hatia kwa namna anavyoonekana tu: hana kazi, hana makao, anazungukazunguka. Mfano wake ukasafirishwa hadi makoloni, na huku ukapata kazi mpya. Walowezi walihitaji vibarua mashambani, na Mwafrika aliyekuwa mjini bila mwajiri alikuwa, machoni pao, kibarua aliyepotea. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba kitambulisho chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Usiku ulikuwa na masharti yake zaidi: Mwafrika aliyekutwa nje ya eneo alilopangiwa bila kibali alikamatwa. Kibali hicho ndicho kilichokuwa jibu lake.

Yaani swali la "unaenda wapi" lilikuwa na karatasi yake rasmi. Asiye na jibu hakuwa mpenda matembezi, alikuwa mkosaji.

Tarehe 24 Aprili 1954 swali hilo liliulizwa mji mzima kwa mpigo. Katika operesheni waliyoiita Anvil, wakati wa vita vya Mau Mau, wanajeshi na polisi wa kikoloni waliuzingira mji, wakachuja wakazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki, mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wagikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kuzuiliwa. Kuna familia nyingi Nairobi ambazo babu au nyanya alisimamishwa njiani siku hizo na hakurudi nyumbani kwa miaka. Mzee wa namna hiyo akikukataza kutembea ovyo usiku, hasemi maneno ya woga tu. Anakumbuka.

Uhuru ulipokuja 1963, sheria hizi hazikwenda na bendera iliyoshushwa. Sheria ya uzururaji iliendelea kuwa kitabuni hadi 1997, ilipofutwa pamoja na nyingine za kikoloni katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Hebu fikiria: miaka 34 ya uhuru, na bado mtu aliweza kushikwa Nairobi kwa kosa la kuonekana hana shughuli. Hata baada ya hapo, Kanuni ya Adhabu ilibaki na kifungu cha 182 kuhusu watu wavivu na wasio na utaratibu, na sheria ndogondogo za jiji zikampa askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, nafasi pana ya kuamua nani anapita na nani anazurura.

Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi. Kifungu cha 39 kinasema kila mtu ana haki ya uhuru wa kutembea, na hakiweki sharti kwamba awe na sababu. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilikwenda mbali zaidi. Ilitoa maoni ya kisheria, kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika, kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu: zinabagua maskini, zinavunja hadhi ya mtu, zinamnyima uhuru wake wa kwenda. Ikazitaka nchi zizirekebishe au zizifute. Kwangu mimi huu ni kati ya uamuzi muhimu kabisa uliowahi kutolewa kuhusu maisha ya kawaida ya mjini, na inasikitisha kuona jinsi unavyotajwa kwa nadra.

Maana maandishi ni kitu kimoja na mazoea ni kingine. Tuliona mazoea yalivyo karibu na ngozi yetu mwaka 2020. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ingawa saa zake zilisogezwasogezwa, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Ulikuwa ugonjwa wa kweli na sababu ilikuwepo. Lakini kwa karibu miezi 19 jioni ya Nairobi ilirudi kuwa kitu cha kibali, na watu waliijua kanuni yake haraka mno, kana kwamba walikuwa wameisomea: tembea haraka, shika barua ya kazi mkononi, kuwa na jibu tayari.

Sasa tuje chini, kwenye lami yenyewe.

Katikati ya mji ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Uhuru Highway hadi River Road ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa mtu asiye na haraka. Magharibi umezuiwa na Uhuru Highway, kusini na Haile Selassie Avenue na reli nyuma yake, kaskazini na Mto Nairobi. Ndani ya mipaka hiyo mna miji miwili iliyogawanywa na Moi Avenue. Upande wa juu kuna mabenki, wizara, hoteli, na barabara pana kama Kenyatta Avenue, iliyopewa upana ule ili mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe iweze kugeuka. Upande wa chini, kuanzia Tom Mboya Street kushuka River Road, barabara ni nyembamba, maduka yamebanana, na steji za matatu zimejaa kila pembe.

Anayetembea jioni hugundua upesi jambo ambalo ramani haisemi. Upande unaosifiwa kwa usalama ndio unaokufa kwanza. Kufika saa moja na nusu usiku, Harambee Avenue na Parliament Road zimebaki na walinzi na magari yanayopita kwa kasi. Hatua zako unazisikia mwenyewe. Upande unaoogopwa, kule chini, ndio ulio hai: maduka ya simu yamewaka taa, wachuuzi wametandaza nguo za mitumba na viatu juu ya maturubai, wasafiri wa mabasi ya usiku wanavuta mabegi yao. Wezi wapo, sitamdanganya mtu. Lakini kwa ninavyojua mimi, cha kuogopa zaidi usiku ni barabara tupu, na barabara tupu ya Nairobi mara nyingi iko mbele ya jengo zuri.

Hii ndiyo sababu siungi mkono kila mara inapotangazwa kwamba wachuuzi wa jioni wafagiliwe mjini. Wenye maduka wanaolipa kodi na leseni wana malalamiko ya haki, na kinjia kilichozibwa na bidhaa humsukuma mpita njia mbele ya matatu. Hilo linataka utaratibu. Lakini ukimwondoa mama wa mahindi pale pembeni, umeondoa pia taa, moto, na jozi ya macho ambayo imekaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko askari yeyote wa doria.

Mtazame mama huyo kwa karibu. Jiko lake ni sinia la bati juu ya mawe, makaa yamepulizwa hadi yamekuwa mekundu, na mahindi manne yamepangwa kuzunguka kingo. Anayageuza kwa vidole, bila koleo, akigusa na kuachia kabla joto halijamshika. Ukichagua lako, anachukua kipande cha ndimu, anakichovya kwenye chumvi na pilipili iliyosagwa, anakipitisha juu ya punje mara mbili tatu kwa kukikamua, kisha anakufungia hindi kwa maganda yake mwenyewe ili usiungue. "Pilipili nyingi, mami?" "Kidogo tu, auntie." Na katika muda huo wote macho yake hayako kwenye hindi. Anaona nani amepita mara mbili, nani anamfuata nani, mtoto wa nani amechelewa. Mara moja alinionyesha kwa kidevu niupitishe mkoba wangu mbele. Hakusema neno.

Tena chakula cha barabarani kina kazi nyingine kwa mtu asiye na safari: kinampa sababu ya kusimama. Simama tu Nairobi ukitazama watu, na baada ya dakika chache mtu atakuuliza unamngoja nani. Simama na kipande cha mutura, ile soseji ya utumbo uliojazwa nyama, mkononi, pale ubaoni ambapo muuzaji anakatakata na kachumbari iko kwenye kibakuli pembeni, na hakuna atakayekugusa. Wote mmekuja kula. Kile kikebe cha shingoni kimeondoka, lakini shilingi 20 za mutura zinafanya sehemu ya kazi yake.

Kuhusu barabara zenyewe nitasema machache, maana kila mkazi anazijua kwa vidole vya miguu. Katika takwimu za ajali za Kenya, wanaokufa zaidi barabarani ni watembea kwa miguu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuahidi asilimia 20 ya bajeti yake ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Luthuli Avenue ilifunguliwa upya 2019 ikiwa na vinjia vipana na njia moja ya magari, na yeyote aliyeijua ile ya zamani, ya spika na honi na msongamano, anajua kwamba jambo hili linawezekana kabisa mtu akiamua. Halafu 2022 ikafunguliwa Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Walio juu wanapita upesi. Aliye chini anavuka kivulini, kati ya nguzo, akiangalia pande zote.

Kwa hiyo mtembezi wa jioni hubaki ndani ya lile eneo dogo la katikati, akizunguka, na mipaka yake amewekewa na magari zaidi ya wezi.

Sasa suala la kuwa mwanamke. Mwanamume anayetembea peke yake usiku hudhaniwa mwizi au mlevi. Mwanamke hudhaniwa yuko sokoni. Sheria ndogo za jiji zenyewe zimekuwa zikimtazama mwanamke aliyesimama njiani kwa shuku ya ukahaba. Novemba 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume kwenye steji, mamia walikusanyika Uhuru Park na kuandamana hadi mtaani kusema kwamba mavazi yao ni uamuzi wao. Kabla mwaka huo haujaisha, sheria ikarekebishwa na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa linalojitegemea. Ushindi huo ni wetu sote tunaopita pale leo. Haukufuta maneno ya kando, mikono inayoshika mkono wako "dada njoo nikwambie", wala hesabu ambazo mwanamke hupiga kichwani kila anapofika kona. Hizo hesabu ni kazi, na zinachosha. Mwanamume anayependa matembezi na hajawahi kuzipiga ajue kwamba tunapita barabara moja lakini hatutembei matembezi yale yale.

Ikiwa mambo yako hivyo, kwa nini mtu ajisumbue?

Kuna sababu ya kichwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, waliwapa watu mazoezi ya kubuni mawazo mapya wakiwa wamekaa na wakiwa wanatembea. Wengi walibuni zaidi walipotembea, hata waliokuwa juu ya mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta. Lakini katika maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Naona inaeleweka. Miguu ikiwa na kazi nyepesi, mawazo hupata nafasi ya kwenda kando, na kwenda kando ndiko kunakotakiwa mtu anapokuwa amekwama.

Sababu ninayoiona kubwa zaidi lakini ni nyingine, na ni ya Nairobi hasa. Wakazi wengi wa mji huu hawana chumba cha kuwa peke yao. Mtu amepanga chumba kimoja Kayole au Pipeline na ndugu wawili. Ukuta ni mwembamba, redio ya jirani ni redio yake, choo ni cha ploti nzima. Kazini kuna msimamizi, kwenye matatu kuna goti la mtu. Akitaka saa moja ya kuwaza msiba, mchumba, deni au ndoto, aende wapi? Mkahawa unataka ununue kitu. Msitu wa Karura na Arboretum, pazuri palivyo, hutoza kiingilio na hufungwa jioni, wakati hasa mfanyakazi anapokuwa huru. Bustani mbili za wazi za katikati ya mji tunazo kwa sababu watu walizipigania: Uhuru Park mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisisimame juu yake, na Jeevanjee mwaka 1991, Zarina Patel alipoongoza upinzani ili bustani ambayo babu yake, A. M. Jeevanjee, aliwapa watu wa mji mwaka 1906 isigeuzwe maegesho na maduka. Nazo pia zina uzio.

Inabaki barabara. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, katikati ya maelfu ya watu wasiokujua, unaweza kulia kidogo na hakuna atakayekuuliza mara mbili. Unaweza kusema maneno yako mwenyewe kwa sauti ya chini, maana kila mtu anadhani uko kwenye simu. Upweke wa aina hii hauhitaji kodi ya nyumba. Ndiyo maana naona anayeuita kuzurura anawanyima watu kitu kikubwa, na ndiyo maana swali la vinjia, taa na askari ni swali la nani ana haki ya kuwa na faragha.

Kwa anayetaka kujaribu, nasema ninavyofanya. Sianzi peke yangu barabara nisiyoijua gizani. Naipita kwanza mchana. Simu na pesa nyingi ziko ndani ya nguo, mkoba uko mbele, na shilingi chache za chakula ziko mfukoni tayari ili nisifungue mkoba hadharani. Viatu ni raba. Ninaanzia Jeevanjee kungali na mwanga, nafuata Muindi Mbingu kupita City Market, nakata Kenyatta Avenue, ambako mijakaranda huchanua zambarau kuanzia Septemba na kumwaga maua yake kwenye kinjia, kisha Kimathi Street hadi Moi Avenue. Taa zikiwaka nataka niwe nimeshavuka jengo la Archives na kuingia Tom Mboya, kwenye watu. Kuanzia hapo sina mpango. Nageuka palipo na mwanga na sauti, naacha palipo kimya, na nikitaka kutazama simu naingia dukani kwanza.

Jambo la mwisho ni wakati wa kukomea. Usiitazame saa, itazame nauli. Watu wakiwa wengi, bei iko juu, na mvua ya Aprili ikianguka hupanda maradufu. Umati unapopungua bei hushuka, na inaposhuka mara ya pili kwenye njia yako, ujue wengi waliokuwa wanakuzunguka wameshaondoka na wachuuzi wameanza kukunja maturubai. Matatu zilizobaki wakati huo husubiri muda mrefu kujaa, kwa hiyo panda ile iliyobakiza viti viwili au vitatu, ukae karibu na mlango.